Tumbo Kubwa, Moyo Mgumu: Ugonjwa Uliotambuliwa Mulago

  Mada ya leo ni moyo wa mtoto, lakini nitaanzia tumboni.

Hapa kwetu Kinoru mtoto akivimba tumbo, neno la kwanza linalotajwa ni minyoo. Neno la pili ni utapiamlo, na hapo majirani huanza kumtazama mama kwa jicho la lawama, kana kwamba anakula peke yake na kumnyima mtoto. Neno la tatu husemwa kwa sauti ya chini, kwamba kuna mkono wa mtu. Mara nyingi huwa ni minyoo kweli, au ni chakula kisichotosha, na mtoto hupona. Lakini kuna tumbo lisilosikia vidonge vya minyoo wala mayai na maziwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe hauko tumboni. Uko kifuani. Maji yaliyojaa tumboni ni maji yaliyokosa njia, kwa kuwa moyo umekuwa mgumu na haupokei damu inavyotakiwa.

Usidhani kwamba madaktari walilijua jambo hili tangu zamani. Waliwatibu wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi bila kujua wanatibu nini. Waliokuja kulifumbua walikuwa majirani zetu, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Ndiyo historia ninayotaka kukupa leo, ili ujue kwamba hata waliosoma sana walidanganywa na tumbo hili, na usione haya kuuliza maswali ukiwa mbele ya daktari.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wawili Waingereza, Evan Bedford na Geoffrey Konstam, waliwatibu askari Waafrika waliokuwa wamepelekwa Mashariki ya Kati. Baadhi ya vijana hao, ambao walikuwa wamepimwa na kuonekana wazima walipoandikwa jeshini, walianza kuvimba na kukosa pumzi kwa sababu ya moyo kushindwa kazi. Haikuwa shinikizo la damu, wala haikuwa ule ugonjwa wa moyo unaotokana na kuumwa koo. Mwaka 1946 waliandika habari zao, na katika kichwa cha maandishi yao walikiri kwamba chanzo hakijulikani. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Si kila mtaalamu anayekubali kuandika hivyo.

Wakati huo huo Mulago kulikuwa na daktari aliyeitwa Jack Davies. Yeye alikuwa mtaalamu wa patholojia, yaani kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti na kutafuta kilichomuua mtu. Alipofungua mioyo ya baadhi ya watoto na vijana waliokufa wakiwa na matumbo yaliyovimba, alikuta jambo ambalo hakulisoma kitabuni. Ukuta wa ndani wa moyo, ambao kwa kawaida ni laini na mwembamba, ulikuwa umefunikwa na kovu jeupe, nene, gumu. Kovu hilo lilianzia chini kwenye ncha ya moyo na kupanda juu, likijaza chumba cha chini na kuzishika vali, vile vilango vidogo vinavyofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Davies alichapisha habari hizo mwaka 1948 katika jarida la East African Medical Journal. Jina la kitaalamu la ugonjwa huu ni endomayokadia faibrosisi, kwa kifupi EMF. Vitabu vingine huuita ugonjwa wa Davies.

Hebu fikiria mfuko wa ngozi laini na kibuyu kikavu. Ukimimina uji ndani ya mfuko, unatanuka na kupokea. Kibuyu hakitanuki hata umimine namna gani. Kikijaa, kinachozidi hurudi nje. Moyo wa mtoto mzima ni kama ule mfuko. Moyo wenye EMF umekuwa kibuyu. Nguvu ya kusukuma inaweza kuwa bado ipo, lakini nafasi ya kupokea imekwisha. Damu inayorudi kutoka mwilini hukuta mlango umejaa, ikasongamana nyuma, ini likavimba, na maji yakaanza kuchuja na kujaa tumboni.

Sasa sikiliza vizuri, mama, kwa maana hapa ndipo pa kutofautisha. Mtoto mwenye kwashiorkor kwa kawaida huanza kuvimba miguu. Ukimbonyeza kwa kidole gumba juu ya unyayo, shimo hubaki. Nywele hubadilika rangi, ngozi hubanduka, na akilishwa na kutibiwa vizuri uvimbe hupungua. Mtoto ambaye EMF imeshika upande wa kulia wa moyo huwa na tumbo kubwa lililojaa maji huku miguu yake ikiwa myembamba, bila uvimbe au ikiwa na uvimbe kidogo tu. Madaktari wa Uganda walishangazwa sana na umbo hilo. Wengine huvimba pia mashavu karibu na masikio, na macho kujitokeza. Wengi hudumaa: kijana wa miaka 15 unamdhania ana 10. Ikiwa kovu limeshika upande wa kushoto, shida kubwa ni pumzi, na mtoto hukohoa usiku na kushindwa kulala chali.

Ni rahisi kuona kwa nini watu walichanganya mambo haya. Huko huko Mulago, Davies pamoja na Hugh Trowell na Rex Dean walikuwa wakiushughulikia ugonjwa wa kwashiorkor, na mwaka 1954 walitoa kitabu kizima juu yake. Watoto wa aina zote mbili waliletwa katika hospitali moja, wote wamevimba, wote wametoka nyumba maskini. Mwaka uliofuata, 1955, Davies na mwenzake John Ball walichapisha maelezo marefu ya mioyo waliyoichunguza. Lakini hayo yote yalikuwa maarifa ya chumba cha maiti. Mtoto alipokuwa hai, daktari alikuwa na macho yake, mikono yake, kifaa cha kusikilizia kifua, na baadaye picha ya eksirei na kipimo cha umeme wa moyo.

Kipimo hicho cha umeme, kinachojulikana kama ECG, kinatuleta kwenye shida ya pili ya ugonjwa huu, nayo ni mapigo. Moyo hupiga kwa amri ya umeme mdogo unaozaliwa katika chumba cha juu cha kulia. Amri hiyo hushuka kwa utaratibu: vyumba vya juu vinapiga kwanza, kisha vya chini. Katika EMF damu inayokosa nafasi chini huvijaza vyumba vya juu mpaka vinatanuka kupita kiasi. Ukuta uliovutwa hivyo hauwezi tena kupitisha amri vizuri. Badala ya kupiga, vyumba vya juu huanza kutetemeka ovyo, na mapigo yanayofika chini huja bila mpangilio: mawili ya haraka, moja la kuchelewa, matatu ya haraka. Wakati mwingine amri hukwama njiani na moyo hupiga polepole mno. Damu iliyotuama katika chumba kinachotetemeka inaweza kuganda, na donge likitoka upande wa kushoto na kufika kwenye ubongo, mtoto au kijana hupatwa na kiharusi. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa akijikongoja na tumbo lake kwa miezi anaweza kubadilika ghafla katika siku moja.

Katika miaka ya 1960 Makerere na Mulago zilikuwa na kundi la madaktari waliojulikana duniani kwa kuusaka ugonjwa huu. Kati yao walikuwa Gerald Shaper na Krishna Somers, wote wazaliwa wa Afrika Kusini. Shaper aligundua jambo la kutafakarisha. Wagonjwa wengi kupita kiasi walikuwa watu waliohama kutoka Rwanda na Burundi kuja kufanya vibarua katika mashamba ya Buganda. Waganda wenyewe, waliokuwa na ardhi yao, waliugua kidogo zaidi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1965. Je, ilikuwa damu ya kabila? Ilikuwa malaria, iliyowakuta watu waliotoka milimani bila kinga ya kutosha? Mwaka 1968 Shaper na wenzake walichapisha vipimo vya damu, wakitafuta alama za malaria na za mwili unaoushambulia moyo wake wenyewe. Au ulikuwa ni umaskini tu, kulala vibaya, kula chakula kimoja kila siku na kubeba minyoo bila matibabu? Mpaka leo hakuna jibu moja lililokubalika.

Hata ndizi zilishtakiwa. Najua hapa Meru hilo litakushtua, kwa kuwa ndizi ndicho chakula cha kwanza tunachomponda mtoto akifika miezi sita. Ilijulikana kwamba ndizi zina kemikali inayoitwa serotonini, na kwamba watu wenye uvimbe fulani unaotoa serotonini nyingi hupata makovu katika upande wa kulia wa moyo. Kwa hiyo wengine wakauliza kama matoke ndiyo yaliyoiharibu mioyo ya watu wa Uganda. Lakini Waganda ndio wala matoke wakubwa, na wao hawakuwa wagonjwa wengi zaidi. Shtaka hilo halikusimama. Mpe mtoto ndizi bila wasiwasi.

Muhogo nao ulishtakiwa, na kesi yake haijafungwa. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ambako ugonjwa huu ulikuwa mwingi na muhogo ulikuwa chakula cha maskini, daktari wa upasuaji M. S. Valiathan na wenzake walisema huenda madini ya udongoni yanayoitwa seriamu hupitia kwenye mihogo hadi moyoni, hasa kwa mtoto anayekosa madini mengine. Wengine waliangalia chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, ambazo huongezeka mtu akiwa na minyoo au mzio, na ambazo zikizidi sana huweza kuuumiza moyo. Mwaka 1999 Rutakingirwa na wenzake, wakichunguza wagonjwa wa Uganda, walichapisha kwamba umaskini na wingi wa eosinofili vyote viwili vilikwenda pamoja na ugonjwa huu. Ona jinsi mambo yalivyo: minyoo tuliyoisingizia mwanzoni inarudi kupitia mlango wa nyuma. Lakini hata kama minyoo huchangia kuanza kwa kovu, kidonge cha minyoo hakiliondoi kovu lililokwisha kuota.

Kwetu Kenya ugonjwa huu haukuvuma kama Uganda, na hapa Meru ni nadra. Hata hivyo usifikiri mpaka wa Busia uliuzuia. Mwaka 1960 madaktari Turner na Manson-Bahr waliandika katika lile lile jarida la East African Medical Journal juu ya EMF kwa Waafrika wa Kenya na Tanganyika.

Utafiti wa Mulago ulivunjika katika miaka ya 1970. Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971, akawafukuza Waasia mwaka 1972, na madaktari wengi, wenyeji na wageni, waliondoka. Shaper alikwisha kurudi Uingereza, ambako aliongoza uchunguzi mkubwa wa moyo kwa wanaume wa nchi hiyo. Somers alikwenda Australia. Watoto wenye matumbo waliendelea kuja Mulago, ila hapakuwa na watu wa kutosha wa kuwahesabu.

Kilichorudisha mwanga ni mashine ya eko. Hii ni picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, sawa na ile skani uliyopigwa ukiwa mjamzito. Haichomi, haiumi, haina mionzi. Daktari anapaka mafuta baridi kifuani, anapitisha kifaa, na moyo unaonekana ukipiga. Kovu ambalo Davies alilazimika kulisubiri kwenye meza ya maiti sasa linaonekana mtoto akiwa amelala na kunyonya kidole. Katika miaka ya 1990 eko ilipoanza kutumika Mulago kwa wagonjwa wa rufaa, karibu mmoja kati ya watano waliokutwa na ugonjwa wa moyo alikuwa na EMF.

Kisha likaja jambo lililonishtua kuliko yote. Daktari Ana Olga Mocumbi wa Msumbiji na wenzake hawakungoja wagonjwa waje. Walichukua mashine ya eko wakaenda Inharrime, wilaya ya mashambani katika mkoa wa Inhambane, wakapima watu 1,063 wa umri wote. Walikuta 211 wana dalili za EMF moyoni, yaani karibu mmoja kati ya watano. Waliokuwa nao zaidi ni wale wa miaka 10 hadi 19. Na zaidi ya robo tatu ya watu hao 211 hawakuwa wakilalamikia lolote. Walikuwa wakienda shamba, wakibeba maji, wakienda shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 katika New England Journal of Medicine. Inharrime si Kinoru, na sisemi kwamba mmoja kati ya watoto wetu watano anaumwa moyo. Nasema kwamba tumbo lililovimba si mwanzo wa ugonjwa huu. Likionekana, kovu limekuwapo kwa muda.

Na je, hutibika? Kovu halina dawa ya kuliyeyusha. Kuna dawa za kutoa maji, ambazo humfanya mtoto akojoe sana, na kuna dawa za kutuliza mapigo yaliyovurugika na za kuzuia damu kuganda. Dawa hizi hupimwa kwa uzito wa mtoto, na hospitali huangalia damu yake mara kwa mara. Digoksini, kwa mfano, kiasi kikizidi kidogo tu huweza yenyewe kuharibu mapigo, kwa hiyo usigawe dawa ya mtoto mmoja kwa mwingine hata kama wanafanana matumbo. Upasuaji ulianza Paris mapema katika miaka ya 1970, pale Charles Dubost alipofungua moyo na kulibandua kovu kama unavyobandua ganda. Valiathan alifanya hivyo India kwa wagonjwa wengi. Ni upasuaji mzito, na mtoto anayeufikia mapema ana nafasi nzuri kuliko anayefika ini likiwa limeharibika.

Nitakuambia kwa nini habari hizi zinanigusa. Nilipokuwa bado mgeni kazini, mama mmoja alileta mvulana wa miaka tisa mwenye tumbo kubwa. Nilimpa dawa ya minyoo. Akarudi, nikampa tena, na nikamshauri mama juu ya lishe, kwa sauti ambayo leo ninaionea aibu. Mara ya tatu alikuja na nyanya wa mtoto, na nyanya akauliza mbona hakuna aliyemvua mtoto shati. Tulimvua. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama hata akiwa ameketi, na miguu ilikuwa mikavu. Alipewa rufaa, akapigwa eko. Haikuwa EMF. Kifua kikuu kilikuwa kimeingia katika mfuko unaozunguka moyo na kuubana, jambo ambalo huleta tumbo la namna ile ile. Alitumia dawa za kifua kikuu miezi sita na tumbo likaisha. Ni kwa sababu yake nilianza kusoma habari za Davies, na nikaona kwamba mimi na wao tulikosea mahali pamoja: tulitazama tumbo tukasahau kifua.

Kwa hiyo, mama, ukipewa dawa ya minyoo na baada ya wiki mbili tumbo liko vile vile, rudi. Usingoje mpaka mwisho wa muhula. Mwombe daktari au muuguzi amvue mtoto nguo za juu, atazame shingo, apapase ini, asikilize kifua na kuhesabu mapigo. Unaweza kuhesabu hata nyumbani. Mtoto akiwa ametulia au amelala, weka kiganja upande wa kushoto wa kifua chake na utazame saa kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miaka 10 mapigo huwa takribani kati ya 70 na 110. Yakienda kasi au polepole kidogo anapovuta na kutoa pumzi si neno. Yakiwa ovyo kabisa, au mengi mno wakati hana homa wala hajakimbia, mpeleke akapimwe. Mtoto anayezimia akicheza mpira, anayebadilika rangi midomo, au anayelegea upande mmoja wa mwili, huyo si wa kusubiri kesho. Mpeleke saa hiyo hiyo.

Ukiandikiwa rufaa, beba kijitabu cha kliniki na dawa zote alizokwisha kutumia, hata zile za duka na za mitishamba. Hakuna atakayekugombeza, na kama atakugombeza, mwambie hivyo hivyo. Andika mahali tumbo lilianza lini, na kama miguu ilivimba kabla yake, baada yake, au haikuvimba kabisa. Daktari wa moyo atakuuliza hilo mapema, na ni wewe uliyekaa na mtoto ndiye unayelijua.